Siku Niliyofunga Macho Kanisani

Wanjiru mjukuu wangu,

Hapa mtaani Umoja sote tu wazima, na shangazi yako amepata mtoto mwenye sauti ya mhubiri. Umeniuliza kama ni kweli, jinsi mnavyofundishwa huko chuoni, kwamba mtu asiyeisikia miguu yake husimama kwa macho.

Kweli kabisa! Nyumba hizi zikiwa bado mpya, niliugua nikapona, lakini miguu yangu haikuisikia sakafu tena. Nisipoitazama, nilikuwa naanguka. Basi kanisani tukiambiwa tufunge macho tuombe, mimi nilivikodolea macho viatu vyangu. Mama Njoroge, jirani yangu, akacheka: "Kwani unachunga viatu visiibwe?"

Niliudhika! Kila asubuhi nikawa nashika sinki, nafunga macho, najifunza kusimama upya.

Jumapili moja nikayafunga pamoja na wote. Mchungaji aliomba, akaombea hata madereva, nami sikuyumba. Niliisikia simiti, ngumu, chini ya visigino vyangu. Amina yangu ya sauti kuu iliwageuza shingo wanakwaya wote.

"Leo viatu vinachungwa na nani?" Mama Njoroge akauliza.

"Leo vina mwenyewe," nikamjibu.

Shosho yako