Trekta Isiyo na Klachi Haiuzwi

Shambani, banda la mashine,
Jumatano, tarehe 12.

Mpendwa Dada,

Nakusalimu kwanza kabla sijakaa vizuri, maana nikishakaa nitaanza malalamiko na salamu zitasahaulika. Hujambo? Shemeji hajambo? Mgongo wako umetulia, au bado unakuuma kwa kusimama wodini kutwa? Wapwa zangu waambie mjomba wao bado ndiye mzuri kuliko wote katika ukoo huu.

Huku tu wazima. Mama anakula na anagomba, kwa hiyo afya anayo. Mimi goti la kushoto halikunjiki tangu lile lori liliponibana ukutani, ila mdomo unakunjuka kama kawaida.

Sasa nisikilize. Kaka anataka kuuza trekta yetu anunue ya gia na klachi. Najua ameshakupigia simu, na mnunuzi anangoja jibu lako Jumamosi, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wetu na bila neno lako hakiuzwi hata kisahani. Kabla hujamjibu, msikilize mtaalamu. Nimeendesha mashine kwenye bandari mbili, na mabosi wa lugha ambazo sikuzielewa walinielewa mimi.

Trekta hii haina klachi ya kukanyaga kila saa. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha magurudumu. Mguu wa kulia unafanya yote: ukibonyeza kwa vidole inakwenda, ukibonyeza kwa kisigino inarudi, ukiachia inasimama. Mguu wa kushoto ni abiria tu. Na wangu, dada, ni abiria aliyelipa nauli kubwa.

Ubaya inao, sikufichi, maana wewe hunusa uongo hata kwenye simu. Nguvu nyingine inapotelea humo humo kwenye mafuta, yakapata moto bure. Dizeli inakunywa. Mafuta ya pampu si ya kuokota duka lolote, na uchafu kidogo ukiingia umeua mashine. Fundi wetu akifungua kifuniko, anatazama, anafunga, anaomba maji ya kunywa. Tena kulima kutwa kwenye udongo mgumu, ya gia itaiacha mbali. Hayo nimeyasema mimi, asije Kaka akajidai kayagundua yeye.

Lakini ipe kijiko cha mbele ikapakie mbolea, mbele, nyuma, mbele, nyuma: ya gia itakuvunja kiuno na kuimaliza klachi. Nami hupita nayo kati ya miche polepole, kama mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala. Hakuna jani linaloshtuka.

Kisa cha Kaka kuichukia ni shamba la bondeni, lile la udongo wa mfinyanzi. Unajua tunamwita Gia Kubwa, hajui kwenda taratibu hata mezani. Aliingia na plau, trekta ikaelemewa, akakanyaga. Ikazidi kulia, akazidi kukanyaga, mpaka ikazimika. Akarudi nyumbani akatangaza kuwa ni goigoi. Kumbe hii ikielemewa unalegeza mguu, ndipo inapata nguvu. Ukikanyaga sana unaitaka mbio wakati yenyewe inaomba pumzi. Nilimweleza. Akaniuliza tangu lini kulegeza kukawa nguvu.

Basi jana alipokwenda kumchukua mnunuzi, mimi nikaingia bondeni. Injini juu, mwendo wa chini, plau isizame sana, mguu mwepesi. Waliporudi wakanikuta nimeshageuza kipande kizuri tu.

"Shuka, mgeni aione," Kaka akasema.

"Mgeni ana macho, na mimi nina kazi."

"Hapo mbele utaizima."

"Uliizima wewe kwa ubishi, Kaka. Hii inataka kubembelezwa."

Nikapita mbele yao bila kuwatazama, kidevu juu, kama nimeizaa mwenyewe. Mnunuzi akatikisa kichwa. "Bwana, uliniambia hii ni goigoi. Naichukua hata kesho."

Dada, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamuuzia. Ningeiacha izimike mara moja tu, angerudi kwao. Lakini kuizima makusudi mbele ya Gia Kubwa, hapana. Hata kwa hasara yangu, hapana.

Kaka hana roho mbaya. Anasema nitapumzika, nikae barazani nipokee wageni. Mimi? Trekta ya gia ikiingia hapa, mgeni wa kwanza ni mimi, maana goti hili haliwezi klachi na kila mtu anajua. Nitakuwa mtu wa kuulizwa kama nimeshakula.

Kwa hiyo nimekataa. Ufunguo uko mfukoni mwangu, na Mama naye kasema atakayeutaka aombe kwanza ruhusa kwake. Bondeni nimeshapatana na jirani mwenye trekta ya gia: atatulimia kule, nami nitampakilia mbolea na kumfyekea majani yake. Kila mashine na kazi yake, wala hakuna wa kwenda barazani.

Mpigie Kaka kabla ya Jumamosi. Neno moja linatosha, unalijua. Ukisema iuzwe, wewe ndiye mkubwa, sitakugombeza. Ila nitaipeleka mimi mwenyewe kwa mnunuzi, taratibu, kwa mguu mmoja, nikipita katikati ya barabara ili watu wote waone dereva anavyokwenda. Kurudi nitarudi kwa miguu, na nitachelewa sana, msinitafute.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu, na yule jirani yako mshona nguo aliyecheka utani wangu. Mama anakuombea usingizi mzuri na mgongo usiouma. Mungu akulinde kazini na njiani.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ambaye sasa hivi bado ni

Dereva.