Warsha ya Kumbishia Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka kubeba watu! Leo tena, mimi na fundi tumempandisha mama mmoja ngazi mpaka ghorofa ya pili, aje kujaribu mguu wake mpya. Kituo cha miguu ya bandia — ghorofani, lifti hakuna! Aliyeamua? Mjomba, mwenyekiti wetu wa bodi. Alisema juu kuna hewa nzuri. Wajumbe wanne wakatikisa vichwa, kikao kikafungwa, chai ikaletwa.

Nilipinga. Nikaambiwa mkurugenzi hana kura. Haya basi, nimeita mwezeshaji. Jumamosi warsha: bodi inatakiwa kufanyaje kazi. Mjomba amekubali haraka mno. Anadhani ni semina ya kula na kupiga picha.

Alhamisi, 6 Machi

Mama kapiga simu. Kasikia nataka kumpindua kaka yake. Nikamwambia ni warsha tu, mama. Warsha gani, akauliza, na mjomba ndiye aliyenipa kazi hiyo? Mume wangu anacheka mpaka machozi, ananiambia nianze kutafuta ukoo mwingine.

Jumamosi, 8 Machi

Jamani! Jamani jamani!

Mwezeshaji — mfupi, sauti ya mwalimu wa zamu — alipanga viti duara, meza kuu hakuna. Mjomba akazunguka mara mbili akitafuta kiti chake. Sharti likawa moja: hakuna jambo kupitishwa mpaka kila mjumbe aulize swali. Mfamasia akauliza chakula cha mchana saa ngapi. Mwezeshaji akasema vizuri, sasa ulizeni la kituo.

Ndipo mkunga mstaafu akakohoa. Huyu mama tangu nimjue ni "naunga mkono" tu, basi. Akamgeukia mjomba: mwenyekiti, wewe umeshawahi kupanda zile ngazi kwa mguu mmoja?

Roho ilinipaa. Mjomba alivimba, kisha akanywea. Akasema hajawahi, na mbona hakuna aliyemwambia? Hee! Wakalipuka wote kwa mpigo. Seremala alijua tangu siku ya kwanza. Mfamasia aliogopa kuonekana mkorofi. Yule mhasibu mpole alikuwa anasubiri wenzake waanze! Mjomba akafuta jasho. "Kumbe mnaongea!"

Kura: kituo kinahamia chini mwisho wa mwezi. Mikono minne ilipanda. Halafu, taratibu, wa mjomba. Nimejifungia chooni nikacheza peke yangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala usingizi wa mfalme. Mama bado kaninunia.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia kwenye benchi la korido. Nimetolewa nje ya kikao! Na mjomba pia!

Ilikuwa hivi. Ajenda ya tatu ni mkataba wangu, unaisha mwezi huu. Kila mara mjomba huupitisha kwa sentensi moja. Leo kafungua mdomo tu, mkunga akanyoosha mkono. Mwenyekiti, huyu si mtoto wa dada yako? Mgongano wa maslahi, tulifundishwa. Tunaomba utoke. Na yeye atoke.

Mimi! Warsha nimeileta mwenyewe, nimemlenga mjomba, haikunipitia kichwani kwamba mimi na yeye ni kifurushi kimoja. Naogopa, sitajidanganya. Kazi hii naipenda mno.

Lakini sikiliza huko ndani! Mfamasia — mfamasia! — anataka kazi yangu ipimwe, si ukoo wangu. Mkunga anamkatiza. Seremala anagonga meza, anasema waombaji wengine nao waitwe, tushindanishwe. Hata mhasibu kapandisha sauti. Bodi! Bodi ya kweli kabisa! Wakininyima mkataba nitalia, tena sana, ila hii bodi nimeiamsha mimi.

Mjomba kashika kofia magotini. Ananinong'oneza: "Wamekuwa wakali hivi, umewapa nini?" Nimemwambia chai ile ile. Amecheka, kwa mara ya kwanza tangu warsha.

Mlango umefunguliwa. Mkunga. Tumesimama wote wawili kama watoto wa shule. Bado, anasema, hawajakubaliana, maswali ni mengi. Na tuhamie mwisho wa korido, hapa tunasikia kila kitu.

Mjomba, mwenyekiti tangu kituo kianze, kamjibu "sawa, mama" — na keshainua benchi upande wake. Ananisubiri. Ngoja niweke kalamu nishike huku