Moshi wa Mwarobaini

Mpendwa Baba Kagendo,

Zamani nikiwa safarini nilikuwa nikianza barua zako kwa kusema mimi ni mzima, sijui wewe. Leo nimeukalia mstari huo tangu asubuhi na sijui niufanyeje, basi nitauruka. Nimeketi mlango wa nyuma kwenye kigoda ulichonitengenezea. Upepo unaleta vumbi na sauti za mbuzi wanaopelekwa mnadani. Nina neno la kukuambia, na kwa jinsi ninavyokujua, ni wewe peke yako utakayelicheka inavyostahili.

Acha nianzie mbali kidogo. Unakumbuka nilivyorudi kutoka Kinna mara ya kwanza? Kagendo ndio kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Kanisa lilikuwa limenichagua kuwa kiongozi wa kina mama, na kazi yenyewe ilikuwa ni kuwafuata walipo: mke wa mwalimu huku, mke wa askari kule, wake wa wakulima wa mashamba ya mfereji. Ukanifungia nguo kwenye shuka, ukanisindikiza hadi kwa lori la unga, ukamwambia dereva, "Huyu ni mtu ya Mungu, usimweke juu ya magunia." Nikawekwa mbele. Nchi ilikuwa tambarare mno, hata nikaona ni lori ndilo lililosimama na miti ndiyo inayotembea. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena, na kila nilipoamka ilikuwa mahali palepale. Tuliimba katika darasa lisilo na madirisha, kina mama wachache na watoto wao, na mbuzi mmoja aliyekataa kutoka.

Nilirudi na vumbi hadi kwenye kope, na badala ya kukusalimu vizuri nikaanza kusifu chai ya Kinna. Nilikueleza kwamba maziwa yao yanakaa ndani ya gorfa, kile chombo cha Waborana kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi, na kabla ya kuyatia humo hukifukiza kwa kijinga cha moto. Ukinywa chai yake, nikakwambia, moshi mtamu unakupanda puani, na hii ya kwetu ni maji ya moto tu. Nilitia chumvi, nakubali. Wewe ulikuwa unaranda ubao wa kitanda cha mteja. Randa ilianza kwenda mbio.

Safari iliyofuata nilikukuta umenunua gorfa kwa Mama Habiba, jirani yetu aliyekuwa akiuza maziwa mlangoni pake. Chai ilikuwa tayari. Ulisimama umekunja mikono, unanitazama mdomoni. Nilipiga funda moja, na uchungu wake ukashuka hadi magotini.

"Iko namna gani?" ukauliza.

"Iko sawa."

"Inashinda ya Kinna?"

"Inakaribia."

Nikajikaza, nikamaliza kikombe chote, kwa sababu ulikuwa unanitazama vile. Ndipo ukajimiminia chako, ukaonja, ukakimbia nje kutema. Mama Habiba naye alikuwa amesikia harufu kutoka kwake, akaja akiwa amejifunika pua na leso.

"Salaam aleikum. Baba Kagendo, hii moshi ni ya mti gani?"

"Mwarobaini," ukasema, ukipangusa mdomo. "Ilibaki nikitengeneza viti. Nimeona ni dawa, itaua wadudu."

"Subhanallah. Wewe seremala mzima hujui mti? Umepikia mke yako dawa ya malaria."

Alicheka hadi akaketi chini. Kisha akakuonyesha ejersa, mzeituni wa porini, ule mti wa maziwa hasa, na jinsi ya kutikisa makaa ndani ya chombo bila kuunguza nyuzi. Nawe ukatuapisha sote wawili kwamba watoto wasije wakaambiwa kamwe habari za mwarobaini, maana heshima ya seremala ingekwenda wapi. Tuliapa, mimi kwa Mungu wangu na yeye kwa wake, na hatukusema.

Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba yetu. Siku ya kurudi kwangu ulikuwa ukiijua, saa hukuijua, kwa hiyo ulianza kufukiza mchana, ukaongeza, ukaongeza tena, na ploti nzima ikanukia. Watu wa mtaa wetu wa Bulla Pesa walikuwa wakisema, "Leo Mama Kanisa anarudi." Niliposhuka pale kona ya kinu cha posho, moshi ulinifikia kabla sijaona bati la nyumba yetu. Hapo roho yangu ilitua. Nilijua watoto wazima, wewe uko nyumbani, naweza kutembea polepole. Kutoka Garba Tulla, kutoka Merti, nikisinzia kwenye kiti cha mbele, nilikuwa naota nimeshafika kwenye ile kona.

Si kila mtu alifurahia. Kaka yako alishuka kutoka Meru akakukuta na gorfa mkononi, mimi niko safarini. Ulinisimulia mwenyewe. Alikuuliza, "Bibi anazunguka na malori, na wewe unachemsha maziwa?" Ukamwambia, "Amekwenda kazini. Ukitaka chai, keti." Akaketi. Ulisema alikunywa vikombe vitatu na hakuuliza tena habari ya bibi. Sijawahi kupendwa na mtu mwingine namna hiyo, na sidhani nilikwambia nilipokuwa na nafasi. Nakwambia sasa.

Halafu kifua kikakuzidi, tukakuzika kule kwenu, baridi ikiwa kali na ardhi ikiwa nyekundu, nami nikarudi Isiolo kwenye nyumba isiyo na harufu yoyote. Gorfa niliigeuza mdomo chini juu ya kabati. Safari nilizikataa zote. Nilimwambia mchungaji kuwa miguu inauma. Haikuwa miguu, Baba Kagendo. Kwenda niliweza, kurudi ndiko kulikonitisha. Nilijiona nikishuka pale kona na kuvuta hewa, na hewa hiyo haina kitu.

Mwezi uliopita kina mama wa Kinna walituma neno kwa dereva wa lori kwamba hata kama nimechoka, nije tu niwaage kwa mdomo wangu, si kwa kutuma watu. Nikaona wana haki. Nikakata kauli: nakwenda mara ya mwisho, nawaaga, nikirudi namkabidhi mchungaji kazi yake. Kagendo, ambaye sasa amemaliza shule na amenipita kwa urefu, akasema, "Enda tu, mama. Mimi niko."

Kinna iko vilevile. Darasa sasa lina madirisha. Waliniletea chai, moshi ukanipanda puani, na nikashindwa kuinywa. Nikaishika tu hadi ikapoa. Niliwaambia kwamba sitakuja tena. Nilikuwa nimejitayarisha kubishana nao, lakini hakuna aliyebisha. Yule mke wa mwalimu, nywele zake sasa nyeupe, alisema, "Haya, mama. Umefanya." Wakaniimbia, na kuimba kwao kukaniuma kuliko kama wangenilaumu.

Njiani kurudi nilisinzia. Niliota nikishuka kwenye kona, na moshi upo, na wewe umesimama mlangoni umekunja mikono, vumbi la mbao kwenye nyusi zako kama kawaida. Nikaamka, mbele ni nyasi kavu na twiga wawili waliotutazama bila kujali. Nikafumba macho nirudi pale mlangoni, ndoto ikagoma. Nililia kimyakimya, na dereva, Mungu ambariki, akawasha redio.

Nilishuka pale kona ya kinu cha posho jua likiwa bado liko juu. Nikasimama kwanza. Nikajiambia, mama, vuta hewa, uimalize, uende nyumbani. Nikavuta.

Kulikuwa na moshi.

Nilidhani bado naota. Kisha nikaona kuna kitu hakiko sawa, harufu ilikuwa kali, inawasha koo, na magoti yangu yakaijua kabla yangu. Nilienda haraka, mzigo ukinipiga mgongoni. Mama Habiba alikuwa amesimama nje ya mlango wake, leso puani, machozi yakimtoka, na sikujua kama ni ya kicheko. Aliponiona alitikisa kichwa tu, akainua mkono kuonyesha kwamba yeye hajasema neno.

Ndani, chai ilikuwa tayari. Kagendo alisimama amekunja mikono, ananitazama mdomoni.

"Mti umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Ile gunia ya baba ya kuni za kufukiza iliisha. Nikatafuta kwa mbao zake huko nyuma, nikapata kipande ya mwarobaini. Nikaona ni dawa, itaua wadudu."

Maneno yako, Baba Kagendo. Hakuna aliyemfundisha. Nikaketi, nikakishika kikombe kwa mikono miwili, nikanywa. Uchungu ulishuka hadi magotini, kama ule wa kwanza, na kikombe nikakimaliza.

"Iko namna gani, mama?"

"Iko sawa," nikasema. "Niongeze."

Akaniongeza. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na mtoto wa watu akaogopa akadhani nimepata habari mbaya Kinna. Sikumweleza. Kiapo ni kiapo.

Kwa mchungaji sikwenda. Asubuhi yake nilimtafuta yule dereva kabla hajapakia unga, nikamwambia awaambie kina mama wa Kinna kwamba nitakuja mwezi ujao, na ule wimbo wa kuniaga wauweke akiba. Jana Mama Habiba alimchukua Kagendo hadi sokoni akamwonyesha ejersa, akamwambia tu kwamba kuna miti na miti. Kile kipande cha mwarobaini kilichobaki nimekichukua mimi. Kiko ndani ya shuka la safari, pamoja na Biblia.

Pumzika, mume wangu. Nikichelewa usihangaike, kuna mtu nyumbani.

Mkeo,
Mama Kagendo