Safu ya Kulia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tumeshtaki! Bosi ametangaza asubuhi, kasimama juu ya kiti katikati ya ofisi kama mtu anayefungisha ndoa. Kuna jamaa anauza kwenye zahanati programu ya stoo ya dawa — ile inayomwonyesha mfamasia dawa ipi itaharibika kwanza ili itoke kwanza — na programu hiyo, anasema Bosi, ni yetu, imebebwa nyama na mifupa. Hakimiliki! Amelitamka neno hilo mara kumi na moja.

Bosi huyu huyu mwezi uliopita alizindua mashine yetu ya akili mnemba, iliyolishwa kazi za maelfu ya watu bila kumbishia hodi hata mmoja. Mtu wa mauzo aliuliza kama huo si wizi. Akajibiwa mashine haiibi, inajifunza. Haya. Mashine yetu ikisoma ya watu, imejifunza. Mtu akisoma ya kwetu, ameiba. Na kompyuta za mapokezi zinatumia programu ya kuandikia isiyo na leseni — kila siku zinatoa onyo la njano, na dada wa mapokezi analifunga kama anayefukuza nzi.

Halafu akanivika kilemba cha ukoka mbele ya wote. "Na mama wa programu huyu hapa!" Makofi. Maana mimi ndiye mkuu wa kitengo, na mimi ndiye niliyeileta programu hii ofisini. Akaongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako; kuna mtu humu ndani aliyemvujishia jamaa, na atajulikana.

Kisha akamtaja jamaa. Ni Miwani. Rafiki wa marehemu Kaka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kwa wakili wa kampuni, saa tatu mpaka saa saba. Mwanamke mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, meza yake haina hata kalamu iliyolala upande. Kamlipa mtaalamu alinganishe programu mbili mstari kwa mstari. Kitabu kizima! Safu ya kushoto ya kwetu, safu ya kulia ya Miwani.

Kanifungulia ukurasa wa sita. Neno "tarehe" limeandikwa "tarhe". Mara hamsini na tatu kwetu. Mara hamsini na tatu kwake. Wakili anachekelea. Anasema mwanafunzi mwizi hunakili mpaka makosa ya jirani. Kisha kwa upole: ni wewe unayeandika hivyo?

Nikasema ndiyo. Nikasema mikono yangu ina mbio kuliko akili.

Si mimi. Ni Kaka. Tangu darasa la tatu. Mama alimwandikisha neno hilo mara mia, na mara ya mia aliandika "tarhe".

Lakini si hilo lililonisimamisha damu. Ni yale maneno ya pembeni. Mtu akiandika programu huacha vijineno kwa ajili ya binadamu watakaoisoma, mashine huviruka. Safu ya kushoto haina hata kimoja. Safu ya kulia imejaa, na mtaalamu kavipaka rangi ya waridi visipotee.

"Hapa nimechoka. Kesho."

"Mke wangu anasema onyo la siku tisini limechelewa. Yeye ndiye mfamasia. Weka mia na ishirini."

"Kiranja akisoma hapa atasema nimerefusha. Aseme."

Wakili kauliza: huyu Kiranja ni nani? Nikasema sijui. Kuhusu mke, yeye anadhani ni mke wa Miwani. Miwani hana mke.

Kiranja ni mimi. Kaka alinipa jina hilo nikiwa na miaka saba, kwa kumripoti kila siku kwa Mama.

Maneno hayo niliyafuta mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita, moja baada ya jingine, kwa kidole hiki hiki. Nilidhani nimeyamaliza. Leo yananitazama.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Niandike basi. Hapa hakuna wa kunisikia.

Kaka alikufa kwa homa ya siku tisa. Siku ya nne baada ya mazishi, wifi aliniomba nimtolee picha za mumewe kwenye laptopu, za kuwapa ndugu. Nikakaa mezani kwao jikoni na flashi. Nikatoa picha. Pembeni ya picha palikuwa na faili limeandikwa STOO. Nikalifungua, nikasoma kidogo. Ilikuwa kazi safi! Kama kushika kitambaa kilichofumwa na mtu asiye na haraka. Nikalichukua nalo. Najua nilichojiambia: isije laptopu ikafa, kazi yake ikapotea. Hilo lilikuwa kweli kwa muda wa wiki mbili.

Wiki ya tatu hospitali kubwa zikatangaza zinatafuta programu ya dawa. Ofisi nzima mikono kichwani, hatuna kitu. Nikasikia mdomo wangu ukisema: mimi nimekuwa nikiitengeneza moja nyumbani.

Ndivyo ilivyokuwa. Sentensi moja. Nikapewa chumba chenye dirisha.

Leo mchana, watu wote wamekwenda kula, nikasikia mtu anachapa nyuma yangu. Kwa vidole viwili, kwa nguvu, anasita, anachapa tena. Hakuna mwingine duniani aliyechapa hivyo. Mama alikuwa akisema anachinja kuku. Sikugeuka. Nikahesabu mpaka thelathini. Nilipogeuka alikuwa mama wa usafi, anasugua kompyuta ya jirani kwa kitambaa, herufi kwa herufi.

"Umekuwa mweupe, mwanangu," akasema.

Nikamwambia sijala.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nilikwenda kwa wifi kumwambia. Niliondoka nyumbani na maneno yote yamepangwa. Nimerudi nayo yote.

Binti yao kafungua mlango. "Shangazi!" Karefuka. Ana paji la uso la baba yake na ule mtindo wa kusimama kwa mguu mmoja. Nikamwomba neno la siri la intaneti, akacheka: bado ni lile lile la baba, "muulizewifi". Miaka mingi tulichekea hilo. Mgeni akiuliza wifi ya humu ndani ni ipi, Kaka anamwonyesha mkewe, huyo hapo, ila siku mbili tatu za mwezi haishiki.

Tukanywa chai mezani jikoni. Meza ile ile. Wifi alikuwa ametoka zamu ya asubuhi. Zahanati yao inatumia programu ya Kaka mpaka leo, ile ya kwanza kabisa. Ya kwetu hajawahi kuiona. Anasema kila ikimtolea onyo la dawa ya kuharibika humjibu kwa sauti: nimekusikia, baba nanii. Wenzake wamezoea.

"Nikuambie kitu, utanicheka?" akasema. "Wiki iliyopita kulikuwa na dawa ya watoto nyuma kabisa ya rafu, hakuna aliyekumbuka. Ikapiga onyo. Siku mia na ishirini. Nikasema, bado ananitunza huyu."

Sikucheka. Nikasema, "Wifi, kuna jambo."

"Jambo gani?"

Laptopu iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Aliona macho yangu yanakoangalia.

"Bado inawaka," akasema. "Sijaigusa tangu siku ile uliponitolea picha. Asante sana kwa zile picha, wifi. Ningefanya nini bila wewe?"

Nikasema jambo lenyewe ni kwamba nimechoka na kazi. Akaniongezea chai.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Miwani. Kanikuta kwa mtoa fotokopi, ghorofa ya chini. Mahali pazuri pa kukutana, watu wa kesi ya kunakili! Nilitaka kupita. Akasimama mlangoni, si kwa ubabe, kama anayengoja mvua ipungue.

"Dada, habari za siku nyingi. Sikuja kugombana. Nauliza moja tu. Alikupa?"

Mashine ya fotokopi ikapita na mwanga wake, ikarudi.

"Mimi alinipa," akasema. "Tumekaa pale jikoni miezi minane, shemeji anatuambia hapa mmekosea, pale mmekosea. Akaniambia chukua, uza ukiweza, ila wenye zahanati ndogo usiwakamue."

"Una karatasi?"

"Karatasi! Mtu anakupa kitu jikoni kwake, unamdai risiti?"

Hapo ndipo nilipopata pa kushika. Maana hata yeye! Nimeiona skrini yake ya kwanza: jina lake peke yake, kubwa, la bluu. Nikamwuliza, na jina la Kaka umeliweka wapi? Mbona wote tunaopigania haki ya mwenye kazi hatumtaji mwenye kazi?

Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Hilo ni kosa langu," akasema. "Lakini ndani yupo. Mimi sikufuta neno lake hata moja."

Mtoa fotokopi alikuwa amezima mashine, anatusikiliza wazi wazi.

Kabla hajaondoka akaniambia wakili wake anamtaka shemeji awe shahidi. Amemzuia. Hataki alisikie jambo hili kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu. "Mwambie wewe, Dada. Una mpaka Jumatano ijayo, siku ya kesi. Nakuheshimu, lakini ofisini kwangu tuko wanne, na wote tunakula humo humo kwenye programu hii."

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimetia saini hati ya kiapo. "Mimi ndiye niliyeitunga programu hii, peke yangu, kwa akili na juhudi zangu mwenyewe." Wakili kaisoma kwa ile sauti ya redio mpaka ikawa kama taarifa ya hali ya hewa, jambo lisilo na mtu ndani yake.

Bosi alikuwepo. Nilijaribu — Mungu ni shahidi, nilijaribu. Nikasema programu zote hizi ni za kuokoteza, huyu kachukua huku, yule kule, kwa nini tusiiache kesi? Bosi akacheka. Akasema najua, ndiyo maana anayewahi mahakamani ndiye mwenye mali. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na nne na hiyo ndiyo sheria pekee niliyoiona ikifuatwa. Wakubwa wanaburuzana kortini huko duniani, mabilioni, kurasa elfu elfu, na wewe ukisoma mpaka mwisho hukuti mahali palipoulizwa: nani alikaa usiku na mchana akaiandika? Wanauliza nani ana karatasi.

Kisha wakili akanipa kalamu. Upande wa pili unaweza kukuomba uandike neno lile mbele ya hakimu, akasema. Andika tu kama unavyoandika siku zote.

Nikaandika: tarehe.

Akanitazama. Akasukuma karatasi nyingine, nyeupe, bila neno. Nimeijaza yote. Tarhe tarhe tarhe, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Jumatatu, tarhe 17 Machi

Nimempigia wifi mara tatu. Mara mbili nikakata kabla haijaita. Mara ya tatu akapokea, kulikuwa na foleni dirishani kwake, nikasikia watu wanakohoa. Nikasema nilitaka kukusalimia tu.

Sasa hivi nimeangalia nilichoandika hapo juu. Sikukusudia. Mkono umejiandikia wenyewe. Nimejaribu kusahihisha na kalamu imeganda. Siwezi kukigusa. Ni kama nimemwona akipita mlangoni.

Jumatano, 19 Machi

Korido ya mahakama, saa nne na robo. Naandikia gotini. Benchi moja refu la mbao, ukuta wa kijani umepauka mpaka usawa wa mabega ya watu. Wakili na Bosi wako ndani. Miwani yuko ndani. Mashahidi tunangoja nje.

Saa tatu na nusu wifi aliingia. Sare yake ya kazi imekunjwa mkononi, viatu vya zamu miguuni. Nilidhani atapita. Akaja moja kwa moja, akakaa ubavuni mwangu, akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi, nimekukuta," akasema. "Wakili wa Miwani kanipigia leo asubuhi. Anasema kuna mtu ameapa kazi ya mume wangu ni yake. Kaapa kabisa! Nikamwuliza nani, akasema utamwona huko huko. Wifi, ni wa ofisini kwenu huyo. Unamjua?"

Nikasema namjua.

"Ana watoto?"

Swali gani hilo! Nikasema hana.

"Afadhali," akasema.

Akanishika mkono. Wake una harufu ya dawa ya kusafishia. Akasema alipoambiwa nami nipo hapa moyo ulimtulia, alijua nimekuja kumtetea kaka yangu. Alisema nisiogope hakimu. Alisema tutaingia wote wawili, tuseme tunachokijua, twende nyumbani. Nikafungua mdomo. Nikasema, wifi. Akasema, ee? Nikamwambia ngoja niandike kitu kidogo, nisisahau. Akaniachia mkono mara moja ili niandike vizuri. Anadhani ni ushahidi.

Naandika sasa. Yupo hapa, bega kwa bega, hachungulii. Ni mtu asiyechungulia.

Mlango umefunguliwa. Karani, mzee mwenye suruali fupi, kasimama na jalada. Kaita: shahidi wa kwanza wa mdai. Hakutaja jina.

Wifi kanyoosha shingo, anatazama huku na huku kwenye korido amwone huyo mtu. Tuko wawili tu kwenye benchi, na mama mmoja mbali kule amelala.

"Hajaja," kaninong'oneza. "Kaogopa."

Karani kaita tena. Shahidi wa kwanza wa mdai. Ananitazama mimi.

Na wifi, bado anatazama kule mwisho wa korido, amerudisha miguu yake chini ya benchi ili mtu apate njia.