Siolewi na Bipu

Kasulu, Jumanne, Novemba 2013

Mvua imeanza alfajiri na haina haraka. Ukungu umekalia migomba. Watu wa kuchajisha simu hawajaja, nimebaki dukani kwa Mzee Salum naangalia simu yangu mwenyewe.

Haijalia.

Kila asubuhi Neema hunibipu. Yuko Kibondo, anashona nguo kwa shangazi yake. Simu inalia mara moja, anakata. Na mimi namrudishia hivyohivyo. Maana yake nimeamka, nakuwaza. Ndiyo mazungumzo yetu tangu tujuane.

Huku mwanaume kumbipu msichana ni aibu. Wengine wanabipu kwa kukosa vocha. Mimi vocha nauza. Ninachokosa ni maneno. Nikimsikia tu, Kiswahili kinakimbia, Kiha nacho kinajificha.

Jana jioni alibipu mfululizo. Hatukuwahi kupangia maana bipu za hivyo. Nikambipu, akawahi kupokea.

"Wameleta posa. Fundi pikipiki wa Kasanda. Baba anataka jibu langu Jumapili."

Cherehani ilikuwa inasikika kwa nyuma, ikasimama.

"We Yona. Sema basi."

"Huko mvua inanyesha?"

Ndicho nilichosema.

"Mimi siolewi na bipu," akasema, akakata.

Leo asubuhi amekuja mwalimu wa sekondari, yule waliyemleta kutoka Moshi, kununua sukari. Nikamuuliza bipu ni neno la wapi. Akasema la Kiingereza, ni mlio tu, mashine ikilia au gari likipiga honi. Wenyewe hawasalimiani nalo.

Mzee Salum akadakia huko kwenye magunia ya mchele. "Sisi ndio tumelipatia kazi, mwalimu. Mwenye shida anabipu, mwenye uwezo anapiga. Mdogo anambipu mkubwa. Ukiona mwanaume anambipu mwanamke, ujue kuna mwenzake anampigia."

Wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, kwa heshima.

Kumbe ni mlio tu. Muda wote huu nilidhani naongea.

Mwalimu alipoondoka nikajiwekea vocha, nikampigia Neema. Kupiga kabisa. Ikaita mpaka ikakatika. Nikarudia, akapokea shangazi yake.

"Neema hataki kushika simu leo. Nani mwenzangu?"

Nikataja jina langu na la baba. Jasho linanitoka na baridi yote hii. Nikasema nataka kumuoa Neema.

"Wewe ndiye wa bipu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hayo hayaletwi kwa simu, mwanangu. Yanaletwa na wazee. Na wenzako wazee wao wameshakaa hapa, wameshakula."

Hakuwa na hasira. Bora angekuwa nayo.

Baba yuko Kagerankanda, anapanda maharage, na simu hana. Sijawahi kumwambia jambo langu lolote, tunaongea ya mbuzi na ya shamba. Kesho naenda, mvua iwepo isiwepo. Nimeomba ruhusa kwa Mzee, hakuuliza ya nini.

Saa hizi nimesimama nyuma ya duka najaribu sentensi ya kwanza. Baba, kuna msichana.

Imetoka ndogo sana. Kuku aliyejikinga mvua pale miguuni hata hakugeuka.

Nikajaribu tena.