Tonge la Pili

Kaka yangu Yilma,

Addis mvua zimewahi, na mama bado mkali. Kila siku nachemsha dengu na karoti, nasaga kwenye blenda, nachuja, halafu nampitishia kwenye mrija wa tumboni, taratibu.

Juzi nilitia yai, maana anakonda, na daktari ameacha kutuambia atapona lini. Nilijua ni Kwaresima, na yai ni mwiko. Nikadhani kisichopita mdomoni hatakijua. Akacheua kidogo tu, akanikazia macho.

"Yai, Kwaresima hii? We Tsige, hata tumbo langu unalidanganya?"

Jana akaniuliza nakula saa ngapi. Nikakiri kwamba tangu awekewe mrija nakula nimejificha jikoni, nisimtie hamu.

"Lete injera yako hapa."

Akamega mkate huo, akachovya kwenye mchuzi wa shiro, akanilisha kwa mkono wake, kama tulipokuwa wadogo.

"Usinifiche tena. Wala yai, wala njaa yako."

Akafinyanga tonge la pili. Nikafungua mdomo, akanisukuma. "Hili la Yilma."

Alilishika mpaka likakauka. Njoo ulile, kaka, mkono wake ungali unanyanyuka.

Dada yako akupendaye,
Tsige