Mcheza Kwao

Nordvik, Minnesota
Jumanne, tarehe 9 Desemba

Dada yangu Marlys,

Salamu nyingi zikufikie huko Texas, wewe na shemeji Ramiro. Natumaini mgongo wa shemeji umepata nafuu, na kwamba bado mnakaa barazani jioni bila makoti, maana huku kwetu hata mbwa anagoma kutoka nje. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Zaidi ya hapo sina la kukueleza, kwa kuwa tangu Jumamosi sisikii baridi wala joto.

Mara tatu umeniuliza kwenye simu mechi ilikuwaje, na mara tatu nimekujibu kwamba kulikuwa na baridi. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye karatasi huwezi kunikatiza ukaanza kunishukuru.

Unaujua mji huu. Tangu ilipotangazwa kwamba sisi ndio wenyeji wa raundi hii ya mchujo wa mpira wa Kimarekani wa vyuo, watu hawakufanya kazi ya maana. Chuo chetu hakijafika mbali hivi kwa miaka kumi na tisa, na hapa kila mtu anaamini mechi ya Desemba tunaishinda kabla haijachezwa, ilimradi ichezwe kwetu. Tena wageni wenyewe watu wa joto, timu ya mbio, timu ya Tobin wako. Mzee Orville alikuwa akiingia mkahawani kwa Bernice kila asubuhi na salamu moja tu: "Mcheza kwao hutuzwa, jamani!"

Kisha wakakumbuka kwamba yule mkimbiaji wao, namba ishirini na mbili, ni mpwa wangu. Hapo nikawa kitoweo. Orville akaniuliza mbele ya watu, "Lyle, huo uwanja utauandaa tu, au utamtandikia mtoto wa dada na zulia?" Mwingine akadakia, "Mwacheni mjomba wa watu. Damu nzito kuliko maji. Atawasha ile mashine ya kupasha uwanja joto mpaka nyasi zichanue!" Nilicheka nao. Nimeutunza uwanja ule miaka ishirini na sita, Marlys, na sikuwahi kuambiwa kwamba mimi si wa hapa. Iliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Ijumaa mchana kocha wao alimruhusu Tobin aje kwangu kula. Nilimpikia viazi vya oveni na nyama ya kusaga, kama alivyokuwa akipika mama, akala sahani mbili. Nilimtania kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini. Akasema yeye hawiki, anakimbia, na kwamba kesho akipita mbele yangu nisije nikamtegea mguu. Ana kicheko chako.

Jumamosi watu walijaa, wamevaa makoti yao ya kuwindia na kukanyaga vipande vya maboksi ili miguu isigande. Vijana wetu walikuwa wamefanya mazoezi juu ya ardhi ngumu wiki mbili. Walipiga hatua fupi, na viatu vyao vilikuwa vya mpira wenye vinundu vidogo. Wageni walianguka kila walipogeuka, na kila walipoanguka sisi tulipiga kelele. Katika robo ya tatu Tobin alipewa mpira mkononi, akaona upenyo kushoto, akageuka kwa kasi yake ileile. Mguu ukabaki, mwili ukaenda. Hakuna aliyemgusa. Watu walishangilia kwanza, kisha wakanyamaza, na mimi nikamsikia kutoka pale kwenye uzio niliposimama. Tulishinda kumi na tatu kwa kumi.

Nilikaa naye hospitali mpaka walipomrudisha kwenu jana. Daktari alivyosema kuhusu goti lile na mbio unajua. Ukaniambia kwamba Mungu ndiye aliyeniweka karibu na mwanao.

Dada, sikiliza. Alhamisi ilinyesha mvua ya barafu, uwanja ukalowa. Kazi yangu Ijumaa, kabla jua halijazama, ilikuwa kutandaza turubai na kupuliza hewa ya moto chini yake ili ardhi isigande. Nimefanya hivyo miaka yote. Safari hii sikufanya. Niliagana na Tobin, nikaenda uwanjani, nikaandika kwenye daftari la kazi kwamba mashine imekataa kuwaka, nikafunga lango. Mashine ni nzima. Nilifikiri watateleza, watachekwa, tutashinda, na Orville atafunga mdomo. Goti la mtu halikunijia akilini, wala la yule niliyetoka kumlisha.

Leo asubuhi nilipoingia kwa Bernice walisimama wakanipigia makofi. Orville akanikumbatia, akasema, "Huyu ndiye mwenyeji, bwana!" Nilingoja nione kama nitafurahi au nitaona aibu. Sikuona kitu. Nilikunywa kahawa, nikaenda chuoni, nikamweleza mkuu wa michezo kama nilivyokueleza wewe. Ameniambia nirudishe funguo.

Limebaki moja. Jumapili, pale kitandani, Tobin aliniuliza kama uwanja wetu huwa hivyo siku zote. Nikamjibu, "Ndivyo ulivyo, mwanangu. Huku ni kaskazini." Akasema basi kosa ni lake, angejua kupiga hatua fupi yasingemkuta. Kisha akaniomba radhi kwa kunipotezea Jumapili yangu.

Msalimie Ramiro, na majirani wote wanaonikumbuka. Tobin usimpe salamu zangu. Msomee barua hii. Ya huku juu usimsomee, anzia pale niliposema mashine ni nzima.

Ni mimi ndugu yako,
Lyle